Mzee Jokofu Aenda Kumtazama Mzuka

Baba yangu alifanya kazi katika chumba cha maiti kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akimpa mtu mkono. Si kwamba hakuwa na adabu. Adabu alikuwa nayo ya kumtosha yeye na mtaa mzima. Ila alikuwa ameshajifunza kwamba ukimnyooshea mkono mtu anayejua unakofanya kazi, mkono unabaki hewani, na kubaki na mkono hewani kila asubuhi kunachosha. Kwa hiyo akisalimia aliifungia mikono yake nyuma ya mgongo, akainamisha kichwa kidogo, akauliza habari za nyumbani. Muuza duka wetu alikuwa akimwekea chenji juu ya kaunta. Mtaani walimwita Mzee Jokofu, na mimi nikawa Binti Jokofu tangu nikiwa darasa la pili.

Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani niliitaka kazi ile kwa kutoijua. Niliijua vizuri sana. Niliijua kwa harufu ya sabuni aliyoogea hukohuko kazini kabla ya kurudi, na kwa nguo ambazo mama hakuruhusiwa kuzifua pamoja na zetu. Baba mwenyewe hakulipenda neno maiti. Aliwaita wageni. "Leo tumepata wageni watatu," alikuwa akisema akivua viatu, na mama alikuwa akijibu, "Mungu awapokee. Nawa mikono tena."

Na kuna jambo la pili ambalo nisipolisema mimi, baba atalisema: mimi ni mwoga. Hapo nilipofika, mwanamke wa miaka ishirini na minane, nilikuwa bado nalala na taa ya kibarazani ikiwaka. Kwenye televisheni ukipigwa ule muziki wa kuashiria kwamba mlango utafunguka wenyewe, mimi hukumbuka sufuria jikoni. Hata kama hakuna sufuria. Mama alishazoea; nikisimama tu alikuwa ananiuliza, "Unakwenda kuangalia sufuria gani, na jiko limezimwa?"

Nilikuwa nafanya kazi hospitali ileile ya baba, upande wa kufulia. Mashuka, mapazia ya wodini, makoti ya madaktari. Tulikuwa na mashine mbili kubwa, moja imekufa siku nyingi, nyingine ikitetemeka hadi inahama mahali pake, na sisi wanawake wanne tukiisukuma kuirudisha ukutani kama ng'ombe mkaidi. Mwaka mmoja baada ya baba kustaafu, nilitumwa kupeleka mashuka masafi chumba cha maiti. Kwenye kizingiti nilimkuta mhudumu mpya ameketi nje na simu yake. Aliniambia niingie tu, niyaweke mezani. Yeye hakunyanyuka, na macho yake yalikuwa yananiambia kwamba hana mpango wa kunyanyuka.

Niliingia. Juu ya meza ya kwanza alilala bibi mmoja, mdogo wa mwili, amefunikwa na shuka fupi lililomwacha wazi kuanzia magotini. Sijui alikuwa amekaa hivyo tangu saa ngapi. Moyo ulinienda mbio mpaka nikausikia masikioni, lakini nilichukua shuka kutoka kwenye rundo langu nikamfunika. Kisha nikatoka nikamwambia yule kijana wa simu maneno ambayo mama hakunifundisha. Wiki iliyofuata akafunga virago. Alikuwa wa tatu tangu baba aondoke.

Nafasi ikatangazwa. Nikachukua fomu siku hiyohiyo.

Sasa, hospitali ile ilikuwa na utaratibu wake. Kwa kuchoshwa na wahudumu wanaoanza kazi Jumatatu na kutoroka Alhamisi, walikuwa wameongeza ukurasa wa mwisho kwenye fomu: ridhaa ya ndugu. Mzazi au mwenzi wa ndoa anatia sahihi kwamba familia inaijua kazi yenyewe, inaikubali, na haitamwita mwombaji nyumbani kwa visingizio vya ugonjwa wa shangazi. Mume sina. Mama alisema wazi kwamba mkono wake utatia sahihi chini ya mkono wa baba, si juu yake. Ikabaki kwa baba, na fomu zilikuwa zinapokelewa mwisho Jumatatu.

Baba aliusoma ukurasa ule, akaukunja vizuri, akanirudishia.

"Hapana."

"Kwa nini, baba?"

"Mtu anayekimbia televisheni, atakaa na wageni?"

"Televisheni ni uongo. Kule kazini ni ukweli."

"Sasa kama uongo unakutoa mbio, ukweli utakufanyaje?"

Mama, aliyekuwa akichambua mchele, akacheka bila kuinua uso. Hapo ndipo nilipopandisha mori. Nikishika jambo nimeshika, na kicheko ni petroli kwangu. Nikamwambia baba achague filamu ya mizuka mbaya kuliko zote zilizopo mjini. Nitaikalia toka mwanzo hadi mwisho, sifumbi macho, sizibi masikio, sikumbuki sufuria. Nikiweza, anatia sahihi. Nikishindwa, narudi kwenye mashine yangu na sitalitaja jambo hili tena.

"Na mimi nitakaa pembeni yako nikuangalie," baba akasema.

"Mnakwenda kulipa kiingilio ili mkatazame maiti," mama akasema. "Miaka thelathini na mmoja haikuwatosha?"

Filamu tuliijua sote. Bango lake lilikuwa limebandikwa mjini kote: mwanamke mwenye nywele zilizomfunika uso, na mkono mmoja unatoka kwenye droo ya chuma. Wenzangu wa kufulia walisema mtu alizimia siku ya kwanza na akatolewa kwa kubebwa. Mwenzangu mmoja alisema waliozimia ni watatu. Kufikia Ijumaa walikuwa saba, na mmoja wao mwanajeshi.

Jumamosi nikajifunga kibwebwe. Onyesho lilikuwa la saa nane mchana, jua likiwa kali nje, nami nikajiambia kwamba mzuka wa saa nane mchana hawezi kuwa na nguvu nyingi. Baba alivaa koti alilopewa siku ya kumuaga kazini. Jumba la sinema lilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la maduka, juu ya duka la vitanda. Dada wa tiketi alituangalia, mzee na binti yake, akauliza kwa upole kama tuna hakika ni hii tunayoitaka, maana kulikuwa na nyingine ya harusi.

"Tunataka hii hii," nikasema.

"Ina wageni wangapi?" baba akamuuliza.

"Ukumbi una watu kama arobaini hivi, mzee."

"Nauliza kwenye picha."

Nikamvuta mkono tukaingia.

Ndani kulikuwa na baridi kali ya kiyoyozi. Baba akavuta pumzi, akatulia kama mtu aliyerudi ofisini. "Wamejitahidi," akasema, si kwa sauti ndogo. "Ila haitoshi. Kwa baridi hii mgeni hafiki kesho." Wapenzi wawili waliokaa mbele yetu wakageuka, wakamtazama, wakahamia safu nyingine.

Taa zikazimwa. Nikaishika mikono ya kiti pande zote mbili.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi: mwanamke amekufa siku tatu kabla ya harusi yake, hajulikani ameuawa na nani, na roho yake haikubali kutulia. Mwanzoni ilikuwa vivuli tu na milango. Nilistahimili. Nilikaza taya hata meno yakauma. Lakini kama dakika ya ishirini hivi, dada wa marehemu alikuwa akipiga mswaki, akainama kutema, na alipoinuka kwenye kioo zilikuwa nyuso mbili. Sikuamua kufumba macho. Yalijifumba yenyewe. Nilipoyafumbua, dada yule alikuwa ameshakimbia, mswaki uko chini. Sekunde tatu, labda nne. Nikamwangalia baba kwa pembe ya jicho. Alikuwa ametazama mbele, mikono juu ya magoti. Niliona aibu, kwa sababu nilikuwa nimeshindwa na filamu haijafika hata nusu.

Potelea mbali, nikajisemea, nitaikalia hivyohivyo.

Baada ya hapo ikaja sehemu ya chumba cha maiti, na hapo baba akapata uhai. Kwanza alilalamikia meza. Meza gani isiyo na mfereji wa maji? Halafu akalalamikia taya. "Hawajamfunga taya," akaninong'oneza, mnong'ono uliosikika safu tano. "Angalia, mdomo wazi. Na nywele! Nani anamwacha mtoto wa watu na nywele hivi?" Mtu nyuma yetu akasema shh. Baba akamwomba radhi kwa kichwa, akaendelea kunung'unika.

Kwenye filamu mhudumu alikuwa mwanamume mmoja tu, peke yake. Muziki ukakoma. Droo ikagonga mara moja kutoka ndani. Ikagonga tena. Ikafunguka taratibu, na yule mwanamke akakaa kitako, nywele usoni, akanyoosha mkono. Ukumbi mzima ukapiga kelele. Mimi pia nilipiga, lakini macho yangu yalikuwa wazi, nayatolea ushahidi. Na katikati ya kelele ile baba akasimama nusu kutoka kitini, akanyoosha mikono yake yote miwili kuelekea mbele, akasema kwa sauti yake ya kazini, ya upole na ya haraka:

"Pole mama, pole. Tulia. Usije ukaanguka. Nakuja."

Kelele zikakatika. Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Walicheka hata wale wapenzi waliotuhama. Mzee wangu alibaki amesimama, mikono mbele, mwanga wa filamu usoni pake, akiwa hajaelewa bado kilichowachekesha. Kisha akaelewa, akakaa. Nilitamani kuwageukia watu wale mmoja mmoja. Huyu mtu mnayemcheka, nilitaka kuwaambia, ndiye peke yake humu ndani ambaye mkifa leo atawashika vizuri.

Lakini sikupata nafasi, kwa sababu mhudumu wa kwenye filamu alikuwa ametimua mbio. Aliacha mlango wazi, na yule mwanamke akaanguka kutoka kwenye droo, akabaki sakafuni amejikunja, kichwa kimepinda. Hapo hata muziki haukuwapo. Kwa watu wengine ilikuwa sehemu ya kupumzika, wakarudi kwenye bisi zao. Nikahisi vidole vya baba vimenishika juu ya kiwiko. Nilipogeuka nilikuta amefumba macho.

"Amerudi?" akauliza.

"Nani, baba?"

"Mhudumu. Amerudi kumwinua?"

Nikatazama. "Bado."

"Tazama vizuri."

Basi nikatazama. Nilitazama kwa ajili ya watu wawili. Mwanamke yule alianza kutambaa, mifupa yake ikilia, uso ukaanza kuonekana kati ya nywele, uso ambao hadi leo nikitaka naweza kuuchora, na mimi sikupepesa, maana kila nusu dakika baba alikuwa akiuliza, "Amerudi?" na nilipaswa kujua la kumjibu. "Bado, baba." Mzuka akapanda ngazi. "Bado." Mzuka akamfikia mchumba wake kitandani, ukumbi ukalia, mama mmoja akaanza kusali. "Bado, baba, hajarudi." Filamu ikaenda hadi mwisho wake, watu watano wakafa, nyumba ikaungua, taa zikawaka. Mhudumu hakurudi.

Tulikaa kwenye benchi nje ya jengo, karibu na mlango wa duka la vitanda. Jua lilikuwa bado juu na lilitufanya tukunje nyuso. Nilimnunulia maji. Alikunywa nusu chupa kabla ya kusema.

"Siku yangu ya pili kazini nilikimbia," akasema.

Sikuwahi kusikia habari hizo.

"Mgeni alikuwa msichana. Nilikuwa namhamisha kutoka kwenye kitanda cha magurudumu kwenda mezani, hewa ikamtoka kifuani, akatoa sauti. Wote hutoa, nilikuwa sijaambiwa. Nikaacha kila kitu nikakimbia mpaka nyumbani. Nilimwacha nusu huku nusu kule, kichwa kinaning'inia. Usiku kucha nikajiambia, mtu mwingine ataingia. Asubuhi mama yako akanisindikiza hadi getini ili nisipotee njia. Nikamkuta vilevile nilivyomwacha. Hakuna aliyeingia." Akafunga kifuniko cha chupa, akakifungua, akakifunga tena. "Nikamwomba radhi huku nikimnyoosha. Tangu siku ile nawasemesha wote. Watu walidhani ni ushujaa. Ni woga. Kila asubuhi kwa miaka thelathini na mmoja niliogopa kuusukuma ule mlango, na nilikuwa nikisema maneno ili mikono isikimbie."

"Halafu unaninyima sahihi kwa sababu mimi ni mwoga."

"Sikukunyima kwa woga. Woga ni kisingizio nilichokipata karibu." Akaitazama mikono yake. "Nilikunyima kwa hii. Hawatakushika mkono, mwanangu. Sokoni, msibani, popote. Utazoea, lakini mimi sitaki uzoee."

Ilinichoma, sitaficha. Nilichukua mkono wake wa kulia, nikaushika kwa nguvu pale pale hadharani, watu wakipita na mifuko yao.

"Mimi nimeshaitwa Binti Jokofu miaka ishirini," nikasema. "Faida yake ninaitaka sasa."

Akacheka kidogo puani. Nami nikaona nisipoyasema yaliyobaki nitakuwa nimeipata sahihi kwa wizi.

"Lakini nilifumba macho. Pale kwenye kioo."

"Najua. Nilikuwa nakuangalia wewe, siyo picha."

"Basi nimeshindwa."

"Umeshindwa," akakubali.

"Na Jumatatu napeleka fomu hivyohivyo. Ukurasa wa mwisho ukiwa mtupu. Nitakaa mlangoni kwa afisa wa ajira mpaka anichoke. Nilisema sitalitaja tena, na hilo neno nalivunja mbele yako ili usiseme nilikuvizia."

Alinyanyuka, akavuta koti lake likae sawa, tukarudi nyumbani kwa miguu, yeye akitangulia hatua mbili njia nzima. Nilidhani amekasirika.

Tulipofika alisogeza meza ya sebuleni ukutani. Akavua koti na viatu, akalala chali sakafuni katikati ya chumba, mikono ubavuni.

"Nigeuze," akasema.

Mama alitokea mlangoni na mwiko mkononi, akatuangalia. "Hii nayo ni filamu?"

"Inafundishwa kazi hapa," baba akasema kutoka sakafuni. "Nenda mama, tuache."

Mama hakwenda. Alivuta kigoda akakaa.

Nikapiga magoti. Mara ya kwanza nilimvuta bega, na kichwa chake kikabaki nyuma. "Umeivunja shingo yangu," akasema. "Tena." Mara ya pili nilishika kichwa nikasahau mkono, ukabaki umekaliwa. "Tena." Alinionyesha mahali pa kuweka kiganja nyuma ya shingo, jinsi ya kukunja goti la mbali ili mwili ujigeuze wenyewe kwa uzito wake, jinsi ya kutumia paja badala ya mgongo. "Mgongo utauhitaji miaka mingi." Jasho lilinitoka. Tulirudia mara tano, mara sita. Kila mara alikuwa akisahihisha jambo dogo zaidi.

Mara ya saba akalegea kabisa. Sikujua mtu hai anaweza kulegea vile. Macho yamefumbwa, mdomo umeachia, mkono nilioushika mzito na hauna mwenyewe. Nilimgeuza, akageuka vizuri, na hakusahihisha kitu. Nilisubiri. Kifua chake sikukiona kikipanda. Nilijua anacheza, nilijua kabisa, na bado baridi iliniingia ambayo haikuniingia kule sinema, kwa sababu niliona siku yenyewe ilivyo, itakapokuja, na ni nani atakayekuwa amepiga magoti hapa.

"Baba," nikaita.

Kimya.

"Baba!"

"Usiniite," akasema bila kufumbua macho, midomo ikisogea kidogo tu. "Hawaitiki. Malizia kazi."

Nilimtazama mama. Alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa khanga yake. Basi nikamalizia. Nikamrudisha chali, kichwa kwanza. Nikamnyoosha mikono, mmoja halafu mwingine, nikamfunga mdomo kwa kiganja nikahesabu polepole mpaka ukakaa. Machozi yalikuwa yananitiririka na niliyaacha, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Mama akachukua shuka kwenye kamba ya nguo kibarazani, akanirushia. Nikamfunika baba yangu vizuri kila upande, bila haraka, na hakuna nilichoacha kukitazama.

Mkono wake ukatoka chini ya shuka, ukafunguka.

"Kalamu," akasema.